Mama Mkwe Afika Mara ya Pili

Jumatatu, 5 Mei 1975
Likizo ya kulea, wiki ya pili. Mke wangu Keji yuko Maridi kwa kozi ya ualimu, na mtoto wetu Gune ameachishwa ziwa hivi karibuni tu. Bwana Fortunato, mkubwa wetu wa stoo, alinipa ruhusa kwa sharti moja: akipatikana mtu wa kulea, nirudi kazini mara moja. Lokosang, mwenzangu wa stoo, alicheka mpaka akakohoa. Mwanamume mzima na nepi! Sasa anakalia kiti changu cha chini ya feni.

Jioni hii mama mkwe ameshuka kwenye lori la Yei, bila kuitwa, kuku kwapani. Papo hapo Gune yuko mgongoni kwake. Kwa haki likizo imekwisha. Sisemi kitu! Nitapumzika.

Jumanne, 6 Mei
Nipumzike wapi? Mtu na mama mkwe wake hawaonani uso kwa uso. Hata uhamishoni Uganda tuliishika desturi hiyo. Ameketi mlangoni, anachambua mboga. Nimetoka nyumbani kwangu kwa dirisha. Suruali imechanika. Akitaka kusema nami humwambia mtoto, kwa sauti ya kunifikia: amwambie baba yake chakula kiko nyuma ya nyumba. Nimekula huko, mimi na mbuzi wa jirani.

Mchana, sokoni Konyo Konyo, nikamsikia Bwana Fortunato akibishania bei ya samaki. Nikajificha nyuma ya magunia ya mtama, asinione bila mtoto, hadi shingo ikakakamaa. Hii ndiyo likizo?

Alhamisi, 8 Mei
Balaa! Jirani yangu Albino, mlinzi wa ofisi, anasema Jumatatu Bwana Fortunato atateua msimamizi wa stoo chini yake. Kutoka kwa walio kazini tu! Cheo nilichokingoja tangu turudi kutoka Uganda. Lazima nikatishe likizo. Lakini nikisema mama mkwe yuko tangu Jumatatu, nimekwisha.

Basi na afike upya! Kila Jumamosi Bwana Fortunato hupokea asali yake kwenye malori ya Yei. Nimesimama nyuma ya ukuta, nikamwambia Gune kwa sauti amwambie bibi yake Jumamosi asubuhi awe pale, na mzigo wake wote. Kisha Gune akaambiwa anijibu kwamba bibi amesikia. Kazi imeisha!

Jumamosi, 10 Mei
Alikuja. Mzigo, kuku, macho mekundu. Nikageuza uso kwa adabu, nikamweleza Bwana Fortunato kwamba mama mkwe ndiyo kwanza anashuka, na Jumatatu niko kazini. Mama hawezi kunipa mtoto mkono kwa mkono, hivyo akampa Bwana Fortunato. Akamwambia Gune amwambie baba yake kwamba bibi hangoji kufukuzwa mara mbili. Kumbe ule ujumbe wa mzigo aliuona ni kufukuzwa! Akapanda lori. Khalas, imekwisha!

Gune akamkojolea mkubwa. Naye akasema malesh, pole, Marino, cheo alikuwa amekiweka kwa ajili yangu, lakini mtoto hana mtu. Nibaki nyumbani. Cheo atakishika Lokosang.

Jumapili, 11 Mei
Gune analia tangu misa, anamtafuta bibi yake. Mama yule alikuwa akimwimbia vizuri. Nimeumia, kusema kweli. Lokosang amepita na baiskeli, kengele mfululizo.

Lakini Keji ana shangazi mtaa wa Lemon Gaba! Nimeshamtuma Albino akamwite. Naye ni mkwe, lakini dirisha nimelizoea. Akifika, ofisini sisemi neno. Kwanza nipumzike kidogo.