Damu ya Zedekia

Jumatatu, 3 Machi 2025. Kasese.
Daktari Acen ametangaza: atakayekamilisha familia yake kabla ya Ijumaa, jina lake litaingia kwenye makala ya utafiti. Crispus Karuhanga, kwa herufi za kuchapwa! Tunatafuta jeni ya vipokezi, yaani mikono ambayo chembe za kugandisha damu hushikania. Isipofanya kazi, mtu akijikwaruza hutokwa na damu mpaka majirani waitwe. Tunataka kujua imekaa kromosomu gani. Kellen, mtafiti mwenzangu, kapewa familia ya Rukoki. Mimi ya Bwera: Mama Bulandina na watoto wake sita. Kellen ameshaanza kujigamba. Ngoja aone.

Alhamisi, 6 Machi. Bwera.
Damu ya mama, tayari. Watoto watano, tayari. Wa sita, Zedekia, kavuka mpaka wa Mpondwe kwenda Kongo kuuza kahawa, hadi Jumapili. Na yeye ndiye mgonjwa kuliko wote! Kellen kapiga simu: amemaliza tangu jana. Alicheka. Sikukipenda kile kicheko. Niliingia garini, nikafunga mlango, nikajichoma sindano mkono wa kushoto. Kwenye chupa nikaandika Zedekia. Damu ni damu. Zote nyekundu.

Jumanne, 8 Aprili.
Majibu yamekuja. Wagonjwa wa familia zote mbili wanalingana kwenye kipande kimoja cha kromosomu ya kumi na saba. Isipokuwa Zedekia. Mbaya zaidi, si mtoto wa Bulandina kabisa! Daktari kakuna kichwa. Nikasema labda alibadilishwa hospitalini siku ya kuzaliwa. Wazo zuri, na nililitoa papo hapo. Kellen aliniangalia kwa muda mrefu.

Jumatano, 9 Aprili. Bwera.
Siku mbaya. Daktari alimuuliza Mama Bulandina, kwa upole, Zedekia alizaliwa hospitali gani. Mama akashangaa. "Nilimuzala mu shamba ya ndizi, mimi peke yangu. Bangemubadilisha na nini? Na ndizi?" Kumbe Kosmasi, kifungua mimba, yuko nyuma ya ukuta. Chai haijachemka, keshamwambia mdogo wake kwamba shamba la kahawa la marehemu baba ni la damu ya baba, asilikanyage tena. Zedekia aliketi chini. Mama akalia. Niliona aibu, kweli niliona. Nilikaribia kusema. Nikakumbuka makala, nikanywa chai.

Kellen hakunywa. Alimuuliza Zedekia, baada ya sindano yangu, damu ilimtoka kwa muda gani. Zedekia akauliza sindano gani. Siku ile, akasema, "nilikuwa ku Butembo". Watu wote wakanigeukia. Mama Bulandina akavua ndala. Ana miaka sabini na mbili na bado analenga vizuri. Ya pili ilimpata Kosmasi.

Ijumaa, 11 Aprili. Bwera.
Nimepiga magoti mbele ya Zedekia. Daktari amemtoa damu mwenyewe, halafu kanipa kazi ya kukandamiza pamba. Dakika arobaini na tano! Kila nikilegeza, damu inatoka. Hakunitukana. Alisema tu kwamba ningengoja Jumapili, angekuja. Afadhali ile ndala.

Jumatatu, 28 Aprili. Kasese.
Zedekia kalingana: kumi na saba, kipande kile kile, na mama ni mama yake. Kosmasi ameomba radhi, wamevuna pamoja. Jina la Kellen limo kwenye makala. Langu halimo hata kwenye shukrani.

Lakini Daktari ana huruma. Amenipa nafasi ya mwisho: damu ya watu arobaini wazima, wasio na undugu wowote, ya kulinganishia. Kabla ya Ijumaa. Nimejitolea wa kwanza, nikasaini fomu, kila kitu halali. Wamebaki thelathini na tisa. Nimetoka nje kuwatafuta. Jua kali mno. Nimerudi ndani, nikauangalia mkono wa kulia.

Una mishipa mizuri sana.