Makopo ya Shangazi

Saa tatu na dakika kumi asubuhi, siku ya Ijumaa, mwenye bucha alibandika karatasi kwenye kioo cha duka lake: anatafuta mapishi ya asili ya soseji za viungo, zile za kupikwa nyumbani, na atalipa vizuri. Wa kwanza kuisoma alikuwa mtu aliyeitwa Wakili. Aliitwa hivyo kwa kuwa alikwishaingia mahakamani mara tatu, zote kizimbani.

Wakili aliisoma mara mbili. Bucha ya ng'ambo ya barabara ilikuwa na foleni mlangoni. Hii ilikuwa na nzi. Mwenye nzi husikiliza ushauri. Hiyo ilikuwa mojawapo ya kanuni za Wakili, na ingawa kanuni zake zote kwa pamoja hazijawahi kumnunulia hata godoro, alizitunza kama mali ya urithi.

Godoro alilolalia lilikuwa la shangazi yake. Miaka miwili alilala sebuleni kwa shangazi, akala kwa shangazi, na kila Ijumaa akala soseji za shangazi, za nyama ya kusaga na viungo, ambazo majirani walizifuata kwa harufu wakijifanya wamekuja kusalimia. Jumapili iliyopita shangazi alimwambia, kwa upole wa mtu aliyekwisha kuamua, kwamba asipopata kazi ndani ya wiki moja, godoro litapewa mjukuu. Zilibaki siku mbili.

Kwa hiyo mchana ule, kwa mara ya kwanza tangu ahamie, Wakili alisimama kwenye mlango wa jiko. Alikuwa na daftari.

"Unaandika nini?" shangazi aliuliza.

"Kumbukumbu, shangazi. Wazee mnaondoka na siri zenu."

"Naondoka kwenda wapi? Sogea, unaniziba mwanga."

Alisogea, akaendelea kuandika. Shangazi alisaga nyama, akatwanga kitunguu saumu, kisha akanyoosha mkono kwenye rafu. Vijiko viwili kutoka kopo la maziwa ya unga. Kimoja kutoka kopo la kahawa. Vitatu kutoka kopo la kakao. Wakili, aliyekwisha kula chakula hicho zaidi ya mara mia moja, hakushtuka. Alijilaumu tu kwa kutotambua mapema kwamba siri kubwa lazima iwe ya ajabu. Shangazi alikaanga kitonge kidogo, akaonja, akaongeza nusu kijiko cha maziwa. Pembeni mwa ukurasa Wakili aliandika: "Ana uchu." Halafu akayafuta maneno hayo, kwa heshima.

Jumamosi saa mbili asubuhi alikuwa mbele ya mwenye bucha, amevaa koti. Alimweleza juu ya bibi mzaa bibi yake, aliyewapikia matajiri watatu na kuzikwa bila kumwambia mtu siri yake, isipokuwa mmoja. Alieleza ugomvi wa ukoo juu ya karatasi ya mapishi aliyoishika, na ndugu wawili wasiosalimiana mpaka leo. Mwenye bucha alisikiliza huku akifukuza nzi, kisha akaisoma karatasi.

"Kahawa? Kwenye soseji?"

"Bosi, kama ungekuwa unaijua, ingekuwa siri?"

Mwenye bucha aliitafuta hoja hiyo tundu kwa muda mrefu, akalikosa. Alitaka tu kukaanga kitonge kwanza. Wakili alikataa, akasema kuonja ni kuidharau maiti. Ukweli ni kwamba malipo yalikuwa kwa kilo, na alitaka zichanganywe kilo ishirini kwa mkupuo. Ili kumtuliza mwenzake aliandika mkataba kwa mkono wake, kwa lugha nzito, na mwishoni akaongeza kifungu kwa sababu kilisikika vizuri: nyama ikiharibika, mwenye mapishi ataifidia kwa kazi ya mikono yake ndani ya bucha, siku thelathini. Wakatia sahihi. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuuza kitu alichoamini ni cha kweli, na hilo lilimlegeza.

Saa sita mchana soseji za kwanza zilitoka kwenye kikaango. Fundi viatu wa jirani aliuma moja, akatoka nje, hakurudi. Mwenye bucha akachukua nyingine, akatafuna polepole, macho ukutani.

"Hii ni chai ya saa nne," alisema, "imetiwa nyama."

Wakili naye akaonja. Akaitema kwenye kiganja.

Hapo ndipo shangazi alipoingia na kikapu, kununua nyama ya Jumapili. Alimkuta mpwa wake ndani ya koti, akaona karatasi juu ya mizani, akaisoma. Kisha akamega soseji. Hakugomba. Alicheka mpaka akashika kaunta.

"Kopo la maziwa lina chumvi," alisema. "La kahawa lina pilipili manga. La kakao ni giligilani na bizari. Makopo mazuri namna ile, ulitaka niyatupe?"

"Sasa shangazi, mbona hukuandika juu ya makopo?"

"Nimwandikie nani? Anayepika anajua. Anayekula tu, baba, anasoma kopo."

Mwenye bucha hakucheka. Alimuuliza shangazi masharti yake. Robo saa baadaye walikubaliana: atakuja kuchanganya nyama asubuhi tatu kwa wiki, atalipwa kwa kilo, na hakuna karatasi itakayoandikwa. Kisha mwenye bucha akauchukua mkataba wa Wakili na kukisoma kile kifungu cha mwisho kwa sauti.

"Umekiandika vizuri," alisema.

Wakili alikiri kwamba mwandiko ni wake. Akavua koti, akaonyeshwa mpini wa mashine ya kusagia nyama. Shangazi alisema kwa kuwa kijana amepata kazi kabla ya Jumapili, godoro libaki. Akaondoka saa saba, kwa haraka kidogo, akidai ana rafu ya kupanga upya jikoni.

Wakili alizungusha mpini mpaka saa kumi na moja. Alipofika nyumbani, shangazi alikuwa uani mbele ya sufuria.

"Niletee chumvi."

Wakili aliingia jikoni. Bila kuuliza, kwa uhakika wa mtu aliyelipia elimu yake kwa siku thelathini, alishusha kopo la maziwa ya unga. Alilifungua, akachovya kidole, akaonja.

Yalikuwa maziwa.