Povu la Msanzi

Isakwisa aliisikia habari hiyo redioni, kichwa chake kikiwa mikononi mwa kinyozi pale Sumbawanga: serikali inataka kujua miti ya dawa ya wazee ina kitu gani ndani yake hata ikatibu. Wenzake kwenye benchi walisema ni jambo jema. Isakwisa alisema, "Ninyoe vizuri, nina safari."

Kesho yake alifika Msanzi na baiskeli nyeusi, mali pekee aliyokuwa nayo duniani, maana hata koti jeupe alilovaa lilikuwa la shemeji. Alikuwa na chupa ya kioo, na muhuri aliouchonga mwenyewe kwenye kiazi.

"Ndugu wanakijiji," alisema, "nguvu ya dawa hujificha ndani ya mti. Tunauponda, tunatia maji, tunatikisa. Ukitoa povu, unatibu. Usipotoa, hizo ni kuni."

Kila mara alipogeuka kuitazama chupa juani, alidondoshea humo sabuni ya unga kutoka kwenye kikopo alichokificha ndani ya koti. Kwa hiyo hapakuwa na kuni Msanzi. Mzizi wa mwenyekiti Gaudensi, wa tumbo, ulitoa povu. Gome la jirani yake, la meno, povu. Kila mwenye povu alitoa kuku mmoja, akapewa karatasi yenye muhuri. Kufikia adhuhuri kuku kumi na mmoja walining'inia kwenye baiskeli.

Wa mwisho alikuwa Bibi Bertilla. Aliishika chupa, akainusa. Duka la kijiji lilikuwa na miezi minne halijaona sabuni, na mwanamke aliyekaa muda huo bila sabuni hawezi kuikosea harufu yake.

"Shikamoo, bibi," alisema Isakwisa, akinyoosha mkono aipate chupa yake.

"Marahaba, mjukuu wangu. Ngoja niisuuze. Dawa yangu haipendi kuchanganywa."

Aliisuuza mara tatu, taratibu, akatia vitunda vikavu vilivyotwangwa, akamwagia maji, akatikisa mwenyewe. Povu likapanda hadi shingoni mwa chupa, likammwagikia mkononi.

Asubuhi nzima Isakwisa alikuwa ameuza uongo, na sasa uongo wake ulisimama mbele yake ukiwa kweli tupu. Tena tangu azaliwe hakuwahi kufua hata leso: alifuliwa na mama, akafuliwa na dada, sasa alifuliwa na mke wa kaka.

"Bibi, hii inatibu nini?"

"Wee, hayo ni mambo ya wanawake."

"Unayo nyingi?"

"Gunia zima. Lakini siuzi. Marehemu mume wangu alinikataza."

"Alikataza kuuza. Kubadilishana hakukataza."

Bibi alifikiri kwa muda mrefu, kwa kuwa alijua anayejibu upesi hupata kidogo. "Kuku wa watu warudi kwanza, kelele zao zinaniumiza kichwa. Na hicho kikopo ulichoficha kwenye koti, nitakutunzia. Halafu ndipo tuongee habari ya baiskeli."

Walibishana mpaka jua likapoa. Mwishowe Isakwisa akawaza kwamba wakubwa wa Dar es Salaam watampa gari. Baiskeli ya nini?

Alirudi Sumbawanga juu ya lori la mahindi, amelikumbatia gunia kama bibi harusi. Asubuhi akalipeleka zahanati kwa Elizabeth, mtoa dawa, mtu wa kwao Mbeya. Elizabeth alitia kiganja, akatazama, akanusa.

"Kitu kikali hiki, kaka. Kinaua konokono wa kichocho mtoni. Mtu akikinywa, choo na ndoo vyote havitamtosha."

"Na kinatibu nini?"

"Uchafu. Sabuni ikikosekana tunafulia hiki."

"Serikali si itakinunua, lakini?"

Elizabeth akafungua dirisha. Nyuma ya choo mmea ule ule ulikuwa umetambaa ua mzima, vitunda vikining'inia vishada kwa vishada, na juu yake yameanikwa mashuka ya wagonjwa, meupe pee.

Isakwisa aliyatazama.

"Dada, lori la Msanzi huondoka lini?"

"Alhamisi."

"Na leo siku gani?"

"Ijumaa, kaka."