Ombi la Kusogeza Pasaka kwa Ajili ya Mahindi ya Ng'ombe

Mwaya, Septemba 1913

Ndugu Mhariri,

Nakusalimu katika jina la Bwana, wewe na wote wanaopanga herufi hapo kwenu. Sisi hatujambo, isipokuwa kwa hili ninaloandika.

Katika gazeti lenu la mwezi wa pili mlitufundisha kuwawekea ng'ombe chakula cha kiangazi: tukate mahindi mabichi pamoja na mabua yake, tuyakatekate, tuyashindilie shimoni mpaka hewa itoke, tufunike kwa majani ya mgomba na udongo, kisha tufukue nyasi zikikauka. Nililipokea neno hilo kwa mikono miwili. Kiangazi cha mwaka jana ng'ombe wetu Faraja alikauka maziwa, na mjukuu wangu Aliko, ambaye maziwa ya mama yake yalikuwa haba, alikonda mpaka shingo ikawa kama ya kifaranga. Sitaki kuiona tena shingo ile. Kwa hiyo usidhani naandika kwa mzaha. Nina malalamiko, nayo nimeyapa namba ili yasikanyagane.

1. Mlisema mahindi ya shimoni yana wakati wake, nao si mrefu: ukiibonyeza punje kwa ukucha isiruke maji, wala isiukatae ukucha, bali iwe laini kama ugali uliopoa. Basi nikawa nashinda kando ya shamba, mimi na ukucha wangu. Alhamisi punje ilinirushia maji jichoni, nikajua bado. Mke wangu Naomi akanituma Ikombe kwa mtumbwi nikamchagulie chungu, akasisitiza nisiharakishe, maana chungu kizuri huchaguliwa taratibu. Mawimbi nayo yakanishika huko. Niliporudi, ukucha ulizama vizuri kabisa, ila ilikuwa Jumatatu ya Juma la Mateso, na usharika wetu umekubaliana kwamba juma hilo mtu hashiki panga wala jembe. Hapo ndipo Pasaka na mahindi yangu vilipogongana, na Pasaka haikuumia.

2. Baada ya Pasaka ikaja mvua. Ninyi mko mlimani, hamjui mvua ya Mwaya ikishaamua. Shamba liligeuka ziwa, nanyi mlitukataza kuingiza matope shimoni, nikangoja kwa utii. Mvua ilipopumua, majani yalikuwa yamekauka kama mkeka, na punje zingeweza kuvunja jino. Nikakata hivyo hivyo. Tulikanyaga, mimi na mwanangu Yakobo, tukiimba tenzi, lakini mabua makavu hayana unyenyekevu: ukiinua mguu, nayo yanainuka. Hewa ikabaki ndani. Mwezi huu nimefukua na kukuta ukungu mweupe kama ndevu, na joto kama la kitanda cha mgonjwa. Faraja akanusa, akanitazama, akageuza kichwa.

3. Jirani yangu Nsajigwa alipoona Juma la Mateso linakuja alikimbilia kukata mapema, mahindi ndiyo kwanza yanatoa mbelewele. Shimo lake lilivuja maji meusi, na siku alipolifukua upepo ulikuwa unaelekea kanisani. Mchungaji alisimamisha mahubiri, akauliza kwa upole ni nyumba gani imefiwa. Sasa Nsajigwa huniuliza kila asubuhi kama nafuga ng'ombe au nafuga ukungu. Nami humwuliza maiti wake anazikwa lini. Ndivyo Pasaka ya mapema ilivyotufanya, mmoja awahi, mwingine achelewe, na ng'ombe wa pande zote mbili wakose.

4. Nilipokuwa Ikombe, kiboko alipanda kutoka ziwani akala kipande kizima cha shamba, upande wa nyumba ya Yakobo, uliopandwa kwanza. Ni kiboko wa ajabu. Alikata mabua kwa kimo kimoja, hakukanyaga hata boga moja, wala hakuacha unyayo. Tena hakungoja Pasaka, kwa kuwa hajabatizwa. Naomba mtangaze habari zake ili boma limtume askari mwenye bunduki, maana mnyama mwenye akili hivyo hatakawia kujifunza kusoma, na akilisoma gazeti lenu tumekwisha.

5. Hili ndilo zito. Faraja hali chakula changu, nyasi zimekuwa vumbi, na bado anatoa maziwa, tena mazito. Usiku hulala ndani ya nyumba ya Yakobo, kama ng'ombe wetu wanavyolala pamoja na watu, na huko mimi sifiki kwa sababu ya mkamwana wangu, Tusekile, mama yake Aliko. Wewe si mtu wa huku, acha nikueleze: kwetu mtu na mke wa mwanawe hawatazamani usoni wala hawasemezani, akishika njia hii, mimi nashika ile. Wazee wa kanisa wanatufundisha kwamba Mkristo anaweza kuiacha desturi hiyo. Mimi moyo umekubali, miguu bado. Basi Naomi ndiye huniletea maziwa na habari, nami nasema kwamba ng'ombe asiyekula na akakamuliwa ni muujiza. Lakini si adabu kumwachia Mungu kila siku kazi ambayo ingemalizwa na Pasaka kusogea kidogo.

Kwa hiyo ombi langu ni hili. Wafikishieni wakubwa wa kanisa huko Ulaya kwamba Pasaka isogezwe mpaka mahindi yaingie shimoni. Si jambo geni kwake. Mwaka jana tuliila mwezi wa nne, mwaka huu mwezi wa tatu. Kama huhama yenyewe bila sababu, itashindwaje kuhama kwa sababu? Krismasi ibaki ilipo, wakati huo tunapalilia tu. Siku ya kuzaliwa ya Kaizari pia sina neno nayo, mahindi huwa hayajafika kifuani. Na kama wakubwa wana shaka, niko tayari kuwapelekea punje wazibonyeze wenyewe.

Nisalimie wa nyumbani mwako, nisalimie wapanga herufi, na yule anayefunga magazeti yetu kwa kamba, mwambie yanafika makavu.

Mimi ndugu yako katika imani,
Eliya Lutengano

Nyongeza: Kabla sijaifunga barua nilimsomea Naomi. Alicheka mpaka akakaa chini. Ndugu Mhariri, hakuna kiboko. Aliyekata ni Tusekile. Alilisoma gazeti lenu, akaona mahindi ya upande wake yamefika, lakini hakuweza kukata nami nimekaa palepale na ukucha wangu mchana kutwa. Ndiyo maana nilitumwa Ikombe nisiharakishe. Wamechimba shimo nyuma ya nyumba ya Yakobo, na Faraja hula humo kila jioni. Akija kwangu asubuhi amekwisha shiba. Yakobo alijua yote, akaimba tenzi tu.

Basi Pasaka ibaki ilipo, na kiboko asipigwe risasi. Naomi anasema shingo ya Aliko haionekani tena kwa mikunjo ya unono.

Mkamwana wangu siwezi kumwambia neno. Lakini gazeti lenu yeye hulisoma kwa sauti, nyumba nzima ikisikiliza. Kwa hiyo malalamiko yote matano yatupeni, mchape haya tu: Tusekile, ndaga fijo, asante sana, mwanangu. Mwaka ujao punje zikifika, mwambie Naomi anitume. Ikombe bado kuna vyungu vingi.