Kifundo Changu na Mtetea wa Bibi Tabita

Jumanne, 14 Julai 1953. Tunduma.
Leo kifundo cha mguu wangu wa kushoto kimeteguka. Sababu ni ustadi. Asiyejua dansi hawezi kuumia namna hii. Nilikuwa namfundisha Fides mzunguko wa walsi niliouona Kitwe nilipokuwa mgodini (miezi mitatu tu, lakini jicho langu jepesi). Uwanja ulio nyuma ya hoteli ya chai ya baba yake una shimo. Mguu ukaingia shimoni, mwili ukaendelea na walsi. Nikamwambia Fides kwamba mtindo huo ndivyo unavyoisha. Nikainama kumshukuru, kama mabwana wafanyavyo. Kuinuka sikuweza.

Shindano la dansi la Vwawa ni Jumamosi ya tarehe 25. Siku kumi na moja! Washindi watapewa saa ya mezani. Saa siitaki, ninayemtaka ni Fides. Baba yake, Mzee Mbonile, amesema mshenga wangu aje baada ya shindano, maana anataka kwanza kuona kama kuna jambo ninaloweza kulimaliza. Maneno ya ajabu kumwambia fundi cherehani mwenye suruali saba za watu mezani, zote zimeshaanzwa.

Jumatano, 15 Julai.
Kiatu hakiingii. Cherehani nayo haiendi kwa mguu mmoja. Nimejaribu, nimeshona mfuko ukafungwa kabisa. Yonasi, tunayeshona naye baraza moja, amenipakia kwenye baiskeli mpaka kwa Bibi Tabita, shangazi wa baba yake, ambaye hukanda waliovunjika na walioteguka. Njiani alisimama kumweleza habari zangu kila tuliyekutana naye.

Bibi amenikanda kwa maji moto ya chumvi na mafuta ya nyonyo. Sikulia. Machozi yalitoka, hilo ni jambo jingine. Kisha akafanya kama afanyavyo siku zote. Akakamata mtetea mwekundu, akamtegua mguu wa kushoto, akamkanda na kumfunga vitambaa vilevile, akamweka kwenye tenga kando ya kitanda alichonipa hapo kwake. Kuku akitembea sawasawa, nami nitatembea. Kabla ya hapo hata mlangoni nisifike. Nikauliza ni siku ngapi. Akasema hilo nimuulize kuku.

Ijumaa, 17 Julai.
Kuku kalala tu. Anakula pumba na kunitazama. Hana shindano huyu.

Yonasi kaleta habari mbaya. Jairo, karani wa ghala la kahawa Vwawa, amekuja kumuuliza Mzee Mbonile kama Fides bado ana mwenzi wa kucheza naye. Eti alivaa viatu vya rangi mbili. Mtu aliyeshindwa kuchagua rangi ya kiatu! Moyo unaniuma kuliko mguu. Naandika hivyo kwa kuwa hakuna atakayesoma.

Jumapili, 19 Julai.
Nimepata dawa! Ni rahisi mpaka nawaonea haya wagonjwa wote walionitangulia. Duniani kuku mwekundu si mmoja. Bibi alipokwenda kanisani, Yonasi akaleta mtetea mwingine, mzima kabisa. Tukamfunga vitambaa na kumweka kwenye tenga. Mgonjwa mwenzangu akaondoka ndani ya koti la Yonasi. Nilimsihi amtunze vizuri.

Jumanne, 21 Julai.
Bibi amefungua vitambaa. Kuku kachomoka, karuka ua, katokomea kwenye mahindi ya jirani. Bibi akasema kwa miaka arobaini hajaona kuku wa kupona kwa siku sita. Akanitazama sana. Nikamsifu mikono yake. Akasema yeye neno lake ni moja, basi niende. Nimetembea mpaka barabarani bila kuchechemea, isipokuwa kila hatua ya pili.

Yonasi amekiri kwamba yule kuku mgonjwa wamemla nyumbani kwao. Anasema alikuwa anateseka.

Jumapili, 26 Julai.
Jana Vwawa. Kwenye walsi tuling'ara. Fides alinishikilia kidogo, lakini hakuna aliyeona. Makofi! Kisha gramafoni ikawekewa sahani ya kwikstepi, dansi ya mbio. Kwenye kona ya tatu kifundo kikakataa. Nilianguka vizuri, ila nilimwangukia Fides. Mguu wake wa kulia umeteguka. Saa kachukua Jairo, aliyecheza na dada yake.

Tulirudi Tunduma juu ya lori la mahindi. Tulipokaribia kufika, Fides akasema polepole, bila kunitazama:

"Jairo nilimkatalia siku ileile. Nilimwambia mwenzangu anauguza mguu, tusipocheza mwaka huu tutacheza mwakani. Ungelala tu, Enoka."

Nilimshika mkono. Hakuuondoa, wala hakunishika.

Jumatano, 29 Julai.
Sasa tuko wawili kwa Bibi Tabita, mimi chumba cha uani, Fides ndani. Bibi ameniambia alijua tangu kuku alipotoka kwenye tenga, kwani mtetea wake alikuwa na ukucha mmoja uliokatika. Aliniacha niende kwa sababu mgonjwa asiyetaka kupona hafungwi kamba. Akaongeza kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Nikamsahihisha kwa heshima: langu halikuvunjika, limeteguka tu, kwa hiyo methali hainihusu. Akanikanda kwa nguvu zaidi.

Mzee Mbonile amekuja kumwona binti yake. Amesema mshenga aje siku nitakapoingia kwake kwa miguu miwili mizima, hata ikiwa ni mavuno yajayo. Mzee mwema! Na Fides ameniapisha kupitia dirisha: tupone kwanza, dansi baadaye. Nimeapa. Nilimaanisha kila neno.

Alhamisi, 30 Julai.
Yonasi anasema keshokutwa rafiki yetu Osea anaoa kule Ruanda, kijiji cha mbele ya Vwawa, na gramafoni ipo. Nimefikiri tangu asubuhi. Mguu wangu mbovu ni wa kushoto. Wa Fides ni wa kulia. Kwenye walsi watu hutazamana, kwa hiyo mguu wangu wa kushoto na wake wa kulia huwa upande mmoja. Mibovu itapumzika pamoja, mizima itasimama pamoja! Kati yetu tunayo miguu miwili mizima, na mwenye miguu miwili mizima amepona. Kiapo kimetimia.

Nimeshamtuma Yonasi kwa Osea, atutangaze wa kwanza. Fides nitamwambia tukifika.