Bibi Alivyodai Shikamoo Yake

Jamani, leo nimeaibika mchana kweupe, tena nikiwa na koti jeupe mwilini. Nasimulia mwenyewe kabla hamjasikia kwa watu.

Wiki nzima sijalala vizuri. Mnajua nimemaliza digrii ya biolojia na nataka kuomba tena udaktari. Fomu ya chuo ina swali moja linalonitesa: eleza kazi ya kujitolea uliyofanya na imekufundisha nini. Hospitali moja kubwa ya mjini ilishanikubalia. Nipange mafaili miezi mitatu, nipewe cheti chenye mhuri. Walitaka jibu leo kabla ya saa kumi. Na kulikuwa na zahanati ndogo kando ya ziwa, mbele kidogo ya Nyegezi, isiyo na cheti wala mhuri wa kujivunia. Nikachora jedwali la faida na hasara. (Lilifika kurasa nne. Ukurasa wa nne ulikuwa hasara za kuchora jedwali.)

Kilichoninyima usingizi hasa si cheti. Mama yangu, aliyeko Nansio, alikuwa akiniita "daktari wangu" tangu nikiwa darasa la nne. Mwaka jana nilipokosa nafasi, akaacha. Siku hizi ananiita Neema tu, jina langu zuri kabisa, na kila akilitamka naumia.

Basi asubuhi nikaenda kuiona hiyo zahanati. Nashuka tu kwenye bodaboda, mama mmoja akanipita na ndoo ya dagaa wabichi. Maji yote kwenye blauzi! Ndani ya begi nilikuwa na koti langu la maabara la chuoni. (Nililibebea nini? Msiniulize. Liko ukurasa wa pili wa jedwali.) Nikalivaa kuficha doa. Nia yangu ilikuwa hiyo tu, naapa.

Barazani watu wamejaa kwenye mabenchi. Pale kila anayefika anaweka daftari lake la matibabu mezani, juu ya la mwenzake, na daktari akija anaita kwa mpangilio huo. Bibi mmoja mwembamba, wa umri wa kumzaa mama yangu, akainuka, akakunja goti kidogo.

"Shikamoo daktari."

Hapo nilitakiwa kusema, "Hapana bibi, shikamoo." Maneno matatu tu. Mdomo wangu ukasema nini?

"Marahaba."

Tena kwa sauti nzito! Sijui niliitoa wapi. Jamani, mwaka mzima sijaitwa hivyo. Nilitaka tu lile neno likae kidogo masikioni.

Bibi akabeba rundo zima la madaftari, akanikabidhi kwa mikono miwili. "Tumekusubiri tangu alfajiri, mwanangu." Mabenchi yote yakasimama. Nami, badala ya kusema ukweli, nikashika kitasa cha mlango wa karibu nikaingia, nikidhani ni ofisi.

Stoo. Ndoo tatu, fagio, na tambara la kudekia.

Mtu mwenye akili angetoka. Mimi nikafunga mlango ili nifikirie vizuri namna ya kutoka. Nikafikiria dakika kumi. Nje nasikia mabenchi yanaburutwa: foleni inahamia mlangoni pa stoo.

Mara sauti ya mwanaume: "Mbona mmehamia huku?"

"Daktari yuko ndani."

"Daktari yupi? Si ndiyo nafika?"

Mlango ukafunguka. Nikashtuka, rundo likaniponyoka, madaftari yakatapakaa sakafu nzima. Dokta Masanja, mkuu wa zahanati, akalitazama koti langu, akakitazama kitobo kilichochomwa na asidi pale mfukoni, akanusa.

"Wewe ndiye uliyepiga simu jana, unataka kujitolea?"

"Ndiyo, dokta."

"Unanuka dagaa."

"Ndiyo, dokta."

Yeye wala hakukasirika. Aliyekasirika ni bibi. "Huyu nimempa shikamoo yangu, akaitikia! Mtoto mdogo hivi! Anirudishie!"

Benchi zima likadakia: "Arudishe! Arudishe!"

Nikapiga magoti pale pale, kati ya ndoo na madaftari. "Shikamoo bibi."

Bibi akafunga upya kitenge chake. Akakohoa. Akatazama ziwa.

"Sijasikia."

"SHIKAMOO BIBI!"

"Haya, marahaba. Na hawa wengine je?"

"Foleni umeivuruga wewe," akasema Dokta Masanja, "utaipanga wewe."

Nikaokota daftari moja moja, nikapita benchi kwa benchi. Shikamoo, jina lako nani, ulifika baada ya nani? (Watu kumi na mmoja walikuwa wa pili. Wa kwanza hakuwepo.) Nilipofika kwa mzee mmoja, akanivuta mkono wa koti, akatoa pakiti ya dawa mfukoni, akanong'ona: "Mwanangu, hapa wameandikaje? Naona haya kumuuliza dokta tena."

Nikamsomea. Moja asubuhi, moja jioni, baada ya kula. Akarudia polepole, mara mbili, akashusha pumzi kama aliyetua mzigo. Kumbe bibi alikuwa anatutazama.

"Unasoma vizuri," akasema. "Kesho namleta mjukuu kupimwa uzito. Uwahi. Na hilo koti liache."

Saa tisa na nusu, nikiwa bado barazani, nikaiandikia hospitali ya mjini: nashukuru, nafasi yangu mpeni mwingine. Nikatuma kabla sijaanza kuchora jedwali. Koti nimelitundika kwenye msumari, mle mle stoo. Bado nalitaka, jamani. Ila kwa sasa likae hapo.

Sasa msicheke. Mama akimpigia mmoja wenu, mwambieni Neema ameanza kujitolea. Ya stoo nitamsimulia mwenyewe, siku atakayoniita tena lile neno.