Sifa Mlizombandikia Marehemu Felisian

Bi. Sikuzani Habibu,
Mwalimu Mstaafu,
Nkowe, Ruangwa.

Kwa Mhifadhi Mkuu wa Nyaraka,
Maktaba ya Chuo Kikuu.

Ndugu Mhifadhi,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, na vumbi la makabrasha halijakudhuru kifua. Mimi huku sijambo. Ufuta tumeshakata, kilichobaki shambani na nyumbani ni hasira tu.

Mjukuu wangu Zulfa anasoma chuoni kwenu mwaka wa pili. Juzi alinitumia kwenye simu picha za maonyesho yenu ya historia ya chuo, yale mliyoyatoa kwenye hifadhi ya nyaraka: barua za zamani, ramani za majengo, picha za wakuu waliotangulia. Nikafurahi kama raia. Halafu nikafika kwenye kabati la kioo la marehemu Felisian wa Mkotokuyana, Nachingwea, mpishi wa kwanza wa bwalo lenu la wanafunzi, aliyefariki mwezi wa tatu mwaka huu. Mmeweka aproni yake, mwiko wake, picha yake na sauti yake iliyorekodiwa. Hayo sawa. Lakini chini mmeandika: "Mtu mpole, jasiri na mpishi hodari aliyelisha vizazi vya wasomi." Jamani! Ilibidi nikae chini.

Mimi Nkowe nimeolewa tu. Nimezaliwa Mkotokuyana, nyumba ya pili kutoka kwa kina Felisian, na namjua tangu akiwa kibogoyo wa meno ya utoto. Kwa heshima zote naomba maneno hayo yaondolewe kabla hamjafunga maonyesho na kuyaingiza kwenye jalada lake la kudumu, maana yakishaingia humo, wajukuu wetu watayasoma kama kweli tupu. Malalamiko yangu ni haya:

1. Mpole. Mpole wapi? Huyu aligombana na jogoo wa mama yangu, ugomvi hasa, na jogoo akashinda. Msimu mzima Felisian akija kwetu alikuwa anapitia nyuma, kwenye mihogo, ameinama.

2. Jasiri. Mnaeleza kwamba mwaka ule wanafunzi walipogoma na mawe yakaruka, yeye alibaki bwaloni akapika mpaka jioni. Ndugu Mhifadhi, mtu anaweza kubaki mahali kwa sababu miguu imekataa kwenda. Felisian ninayemjua mimi akiona kinyonga anapanda kitandani na kuwaita watakatifu wote kwa majina, na akiwamaliza wa kwao anaazima mashehe wa kwetu.

3. Picha. Mmeandika kwamba amesimama na mkuu wa kwanza wa chuo. Nimeikuza picha hiyo mpaka simu ikapata moto. Mkuu wa chuo haonekani. Kuna sikio moja na kipande cha ukosi, kwingine kote ni kichwa cha Felisian. Mnajisifu kwamba mnahifadhi historia, kumbe historia yenyewe imezibwa na kichwa cha mtu wa Mkotokuyana. Tafuteni picha nyingine, au mkipime kichwa hicho na kuandika vipimo chini yake, wageni wasije wakadhani kamera ilikuwa mbovu.

4. Mpishi hodari. Hapa naomba Chuo kisome taratibu. Kwao, Felisian hakuruhusiwa kusogelea mafiga. Siku aliyosonga ugali wa muhogo, mbwa wetu aliunusa, akaufukia, akakaa juu ya pale alipoufukia ili asije mtu mwingine akadhurika. Mtu wa namna hiyo ndiye mliyemkabidhi masufuria ya taifa! Humo wamelishwa mahakimu, mainjinia, wakurugenzi na maprofesa. Mimi si mtaalamu, lakini jumlisheni wenyewe. Kila nikisikia redioni msomi anaulizwa barabara yetu itakamilika lini, naye anajibu kwamba mchakato unaendelea, huwa najua kabisa: yale ni maharage ya Felisian, hayajaiva mpaka leo. Naomba iundwe tume ya uchunguzi. Tume hiyo isiwe na mtu yeyote aliyewahi kula bwaloni kwenu. Nikifikiri vizuri, sijui mtampata wapi.

5. Sauti. Zulfa alinitumia na hiyo. Felisian anasimulia alivyoingia chuoni mara ya kwanza na sanduku la mbao na kuku mmoja, na katikati ya maneno anacheka. Kicheko kile hakifai kuwekwa maktaba, watu wanasoma. Nimekisikiliza asubuhi na jioni, kwa ajili ya uchunguzi tu, na kila mara kinanivuruga siku nzima. Kipunguzwe.

6. Ulafi. Hili hamkuligusa kabisa, nami nashangaa utafiti gani huo. Kila likizo ya msimu wa korosho alikuja Nkowe, ati kutusalimia, kumbe mabibo. Alikuwa anayala mpaka mume wangu anamrudisha stendi ya Ruangwa kwa baiskeli, amelazwa juu ya keria kama gunia. Hata mwaka jana alikuja, na uzee wote ule. Mwaka huu mabibo yote yale nani atayala? Yataoza chini ya mikorosho huku mnamwita hodari. Chuo kieleze kinafanya nini juu ya hilo.

Kwa sababu hizo, naomba maneno ya kwenye kioo yang'olewe na badala yake iandikwe kwa herufi kubwa: MWOGA, MLAFI, KICHWA KIKUBWA. Na kama marehemu ana la kujibu, aje ajibu mwenyewe. Mimi nipo, siendi popote.

Nisalimie wasaidizi wako, walinzi wa getini, na yule anayefuta vumbi kwenye kile kioo. Wapishi wenu wa sasa nao nawasalimu, ila kwa mbali.

Nabaki kuwa mlinzi wa ukweli,

Bi. Sikuzani Habibu

Nyongeza: Nimemsomea Zulfa barua hii kwenye simu, akasema mtadhani nilimchukia marehemu. Basi nieleze. Ukoo wa kina Felisian na ukoo wetu ni watani. Mtani akifa, kazi ni yetu: tunafika kabla jeneza halijatoka, tunalala kaburini na kukataa kutoka, tunamsema marehemu vibaya mpaka mjane mwenyewe acheke. Felisian alifariki mvua zikiwa zimechachamaa. Nilitoka Nkowe kwa bodaboda, nikakuta maji yamekata barabara kabla ya kufika Nachingwea. Nikasimama pale kutwa nikiyatukana maji, nikarudi. Binti yake Albina akaniambia walimzika kwa hotuba na sifa tupu, watu wakalia mwanzo mpaka mwisho, hakuna aliyewatania, utadhani marehemu hakuwa na kwao. Jambo hilo limenikaa kooni tangu siku ile.

Kwa hiyo yote niliyoandika hapo juu ni uongo. Alikuwa mpole, alikuwa jasiri, na mlichoandika kwenye kioo msikiguse hata nukta. Ila barua hii, mwanangu, nakuomba uitie kwenye jalada lake, pamoja na zile sifa, ili siku mtu akilifungua aone kwamba watani tulifika.